Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Setilaiti Inayokwamishwa na Hewa Huongeza Kasi?

Barua nne za mwezi huu zimetoka mahali mbalimbali, lakini zote zinagusa hesabu moja, nayo ni ya nishati ya kitu kinachozunguka kingine kwa kuvutwa nacho. Naanza na ya mwanafunzi na nitakaa nayo kwa muda, kwa sababu atakachokipata yeye ndicho kitakachowajibu waliobaki.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Tabora. Katika somo la mvutano tumefundishwa kwamba nishati yote ya setilaiti inayozunguka dunia ni E = −GMm/2r. Kanuni hiyo naweza kuitumia na kupata alama, lakini kuna mambo mawili siyaelewi. Kwanza, nishati inawezaje kuwa hasi, ilhali tumeambiwa kuwa ni uwezo wa kufanya kazi? Pili, mwalimu wetu alisema kwamba setilaiti ikisuguana na hewa, kasi yake huongezeka. Darasa zima lilicheka, naye akacheka, kisha kengele ikalia. Je, alikuwa anatania?*

Marahaba, na pole kwa kengele hiyo. Mwalimu wako hakutania hata kidogo, lakini swali lako la kwanza lazima litangulie, kwani la pili limejengwa juu yake.

Nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu ya mahali kilipo, haina sifuri yake yenyewe. Sifuri tunaiweka sisi, na kinachopimika kwa kweli ni tofauti iliyopo kati ya mahali na mahali. Fikiria kisima. Mchimbaji hupima kina kuanzia mdomoni kwenda chini, na akikwambia kwamba ndoo iko mita 12 chini ya mdomo, humuulizi imewezaje kuwa chini ya sifuri. Kwa mvutano wa dunia, mdomo wa kisima ni pale ambapo mvuto umekwisha kabisa, na kwa kuwa mvuto huo hufifia bila kukoma, pale ni kwenye umbali usio na kikomo. Hapo ndipo wanafizikia walipoiweka sifuri, wala hawakufanya hivyo kwa ukaidi, maana ukiiweka popote pengine, kila kanuni itakayofuata itaburuta nyuma yake namba ya ziada isiyo na kazi.

Kina cha kisima hicho kwa kila kilo moja ya kitu ndicho kinachoitwa potenshali ya mvutano. Hupatikana kwa kuchukua GM ya dunia, yaani namba ya mvutano G ikizidishwa kwa masi M ya dunia, ambayo ni 3.986 × 10¹⁴ katika vipimo vya mita na sekunde, kisha kuigawa kwa r, yaani umbali kutoka kitovu cha dunia na kuweka alama ya kutoa mbele. Juu ya ardhi, kilomita 6,371 kutoka kitovuni, jibu ni hasi megajuli 62.6 kwa kilo (megajuli moja ni juli milioni moja, na juli ni kipimo cha nishati). Maana yake ni kwamba jiwe la kilo moja lililolala uani kwenu linahitaji megajuli 62.6 ili litoke katika kisima chote, na ukitaka kulipa nishati hiyo kwa mrusho mmoja, itabidi ulirushe kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, tukiacha kando upinzani wa hewa. Ile mgh mliyoizoea tangu vidato vya chini, yaani masi mara mvuto mara kimo, haipingani na hesabu hii. Ni makadirio ya mtu anayechukulia kwamba mvuto haubadiliki kadiri unavyopanda, na karibu na ardhi makadirio hayo yanatosha kabisa. Kwa mwinuko wa kilomita 400, mgh inakupa megajuli 3.92 kwa kilo, na hesabu kamili inakupa 3.70.

Sasa tuiweke setilaiti kwenye mwinuko huohuo wa kilomita 400, ambao haupishani sana na ule wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Umbali wake kutoka kitovuni ni kilomita 6,771, na kina cha kisima mahali hapo ni megajuli 58.9 kwa kilo. Kani pekee inayoipinda njia yake iwe duara ni mvutano, kwa hiyo GMm/r² lazima ilingane na mv²/r, ambapo m ni masi ya setilaiti na v ni kasi yake. Zidisha pande zote mbili kwa r, ugawe kwa 2, na utaona kwamba nishati mwendo yake, ½mv², ni nusu kamili ya kina cha kisima pale ilipo. Nusu hiyo ni megajuli 29.4 kwa kilo, ambayo ni kasi ya kilomita 7.67 kwa sekunde. Jumlisha 29.4 na hasi 58.9, nawe utabaki na hasi 29.4 ileile, ukiondoa makombo ya desimali. Hiyo ndiyo kanuni yenu. Lawama yangu kwa vitabu vingi ni kwamba huileta kama kitu cha kukariri, ilhali inasema jambo ambalo mtu anaweza kulishika mkononi: kitu kinachozunguka kwa duara kina nusu tu ya nishati mwendo ambayo ingekitoa kisimani.

Kwa hiyo alama ya kutoa inakupa habari. Jumla ikiwa hasi, kitu hicho ni mfungwa, nacho kitaendelea kuzunguka. Jumla ikifika sifuri, kitaondoka na kuishiwa mwendo huko mbali kusiko na mwisho, na ikiwa chanya, kitaondoka na mwendo wa akiba, kama chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinavyoliacha Jua hadi leo.

Kabla sijaliacha hili, tazama mgawanyo wa gharama. Kutoka ardhini hadi kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya kilomita 400, kila kilo inahitaji megajuli 3.7 za kupanda na megajuli 29.4 za kukimbia upande. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya roketi ni kufika juu, lakini kupanda huchukua kama sehemu moja tu kati ya tisa ya nishati hiyo. Jumla yake, megajuli 33, ni yuniti 9 na ushee za umeme, au karibu na joto linalotoka katika kilo moja ya mkaa mzuri. Ukiniuliza kwa nini basi safari hiyo ni ghali hivyo, nitakujibu kwamba roketi haina barabara ya kukanyaga, na mafuta itakayoyachoma mwishoni lazima kwanza iyabebe na kuyaongezea kasi kwa mafuta ya mwanzoni. Sehemu kubwa ya nishati inaishia katika moshi unaoachwa nyuma.

Twende sasa kwenye kicheko cha darasa lenu. Chukua setilaiti iliyo kilomita 500 juu, ambako hewa ni nyembamba mno lakini haijaisha. Hewa hiyo inaikwamisha, nayo inashuka kidogo kidogo hadi kilomita 400. Kule juu kasi yake ilikuwa mita 7,617 kwa sekunde, na huku chini ni mita 7,673. Kasi yake imeongezeka kwa mita 56 kwa sekunde ilhali kitu pekee kilichoigusa njiani ni hewa inayoirudisha nyuma. Daftari la nishati linaeleza kilichotokea. Katika kushuka huko, nishati tuli imepungua kwa megajuli 0.86 kwa kilo. Nusu yake, 0.43, imechukuliwa na hewa na kugeuka joto, na nusu nyingine imeingia kwenye nishati mwendo. Jumla ya nishati imepungua kweli kwa 0.43, kama akili ya kawaida inavyotaka, lakini kasi imepanda.

Kama daftari halikuridhishi na unataka kuziona kani zenyewe, nakusifu, kwa sababu hesabu ya nishati hutuambia matokeo bila kutuonyesha mkono uliofanya kazi. Setilaiti inayoshuka haiendi kwenye duara kamili tena, kwani njia yake imeinama kidogo sana kuelekea chini. Kwa sababu ya kuinama huko, mvutano wa dunia, ambao kwenye duara ulikuwa ukivuta kwa upande tu, sasa una sehemu ndogo inayovuta mbele. Ukipiga hesabu, sehemu hiyo ni mara mbili kamili ya kani ya hewa inayovuta nyuma. Toa moja katika mbili, na kinachobaki ni kani moja inayosukuma mbele, yenye ukubwa uleule wa msuguano, kana kwamba hewa imegeuka na kuanza kuisukuma setilaiti kwa nyuma. Hilo ni kweli maadamu inashuka polepole na obiti yake iko karibu na duara. Ikishafika kwenye hewa nzito, chini ya kilomita mia moja hivi, msuguano hushinda na kasi huporomoka.

Usione haya kwamba mlicheka. Tarehe 3 Juni 1965, rubani James McDivitt, akiwa na mwenzake ndani ya chombo cha Marekani cha Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichokuwa kimewapandisha, ambacho kilikuwa kinaelea karibu nao. Alikielekezea chombo chake na kuwasha injini, kama dereva yeyote angefanya. Lakini kuongeza nishati katika obiti ni kupanda, na kupanda ni kupunguza kasi na kuchukua njia ndefu zaidi, na kile kipande kikazidi kumtoka. Alitumia mafuta mengi kabla ya kuliacha zoezi hilo. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Gemini 6A iliifikia Gemini 7 kwa njia iliyo kinyume na silika: ilikaa kwenye obiti ya chini, ambako kasi ni kubwa, hadi pengo likafungika, ndipo ikapanda.

*Mhariri, salaam. Nilizaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na utotoni tulikuwa tukiyaona majukwaa ya Waitaliano baharini. Wazee wetu husema kwamba pale ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru. Kwa nini walikuja mbali namna hiyo, na setilaiti hiyo iko wapi sasa?*

Wazee wenu wamesema kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, na ilizunguka dunia kwa mwinuko wa kilomita 540 hivi, ikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96.

Jibu ambalo umepata kulisikia huenda ni kwamba dunia yenyewe husaidia kurusha. Ni kweli kwamba Malindi, ikiwa karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta, inakimbizwa kuelekea mashariki na mzunguko wa dunia kwa mita 464 kwa sekunde, na roketi inayoelekea mashariki huupata mwendo huo bure. Hiyo ni kama asilimia 6 ya kasi ya kilomita 7.6 kwa sekunde iliyohitajika. Msaada huo haudharauliki, lakini kwa maoni yangu haungetosha peke yake kuwaleta watu hadi pwani yenu.

Sababu nzito zaidi ni obiti iliyotakiwa, ambayo ilikuwa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kifaa cha kupima eksirei huvurugwa na chembe za mionzi zinazoizingira dunia, na chembe hizo hushuka chini hasa juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazil. Obiti inayofuata ikweta huliepuka eneo hilo kwa sehemu kubwa. Ukirusha kutoka Cape Canaveral, Florida, kwenye nyuzi 28.5 kaskazini, setilaiti inaingia kwenye obiti iliyoinama angalau nyuzi hizo, na kuigeuza ifuate ikweta kunataka badiliko la mwendo la karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, takriban nusu ya kasi yote ya obiti. Hapa mwanafunzi wetu wa Tabora naye asikilize, maana obiti ya kwanza na ya pili zina mwinuko uleule, kasi ileile na nishati ileile, na daftari la nishati litaonyesha tofauti ya sifuri, lakini mafuta yamekwisha. Nishati huhesabu ukubwa wa kasi na haijali inaelekea wapi, ilhali roketi hulipia mwelekeo pia.

Kuhusu ilipo sasa, Uhuru haipo tena. Ilishuka kwa namna ileile niliyoieleza juu, ikiongeza kasi kadiri ilivyokuwa ikipoteza nishati, na mwezi Aprili 1979 iliingia katika angahewa na kuangamia. Miaka hiyo Jua lilikuwa linachacha kuelekea kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, na Jua linapochacha hewa ya juu hupata joto na kutanuka, hivyo setilaiti hukutana na hewa nyingi kuliko kawaida. Kituo cha Marekani kilichoitwa Skylab nacho kilianguka mwaka huohuo, mwezi Julai, na vipande vyake vikatua Australia Magharibi.

*Mwalimu, ile pete ya chuma iliyoanguka Makueni ilitoka juu sana kwa mbio za ajabu. Kwa nini haikuyeyuka yote, na kwa nini haikuchimba shimo kama la bomu? Msomaji, Machakos.*

Unazungumzia pete iliyoanguka katika kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ambayo tathmini ya awali ya Shirika la Anga za Juu la Kenya ilisema kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kitu kinachotoka kwenye obiti ya chini kina takriban megajuli 32 kwa kilo za kupoteza kabla ya kutulia ardhini. Kiasi hicho kingeweza kuigeuza kilo ya chuma kuwa mvuke zaidi ya mara tatu. Lakini joto hilo halizaliwi ndani ya chuma. Huzaliwa kwa sehemu kubwa katika hewa iliyosukumwa na kubanwa mbele yake, nayo huondoka nalo pembeni. Kitu chenyewe hupata sehemu ndogo tu, na vyuma vinene visivyoyeyuka upesi huweza kuivumilia.

Shimo halikuwa kubwa kwa sababu karibu nishati yote ilikuwa imeshalipwa huko juu. Kitu kikifika kwenye hewa nzito ya chini, hakidondoki tena kwa kasi ya obiti, bali kwa kasi ambayo uzito wake na upinzani wa hewa vimelingana. Tuseme kwa mfano kwamba kasi hiyo ni mita 100 kwa sekunde. Hapo nishati mwendo ni kilojuli 5 kwa kilo, yaani chini ya sehemu moja kati ya 6,000 ya ile iliyokuwa nayo mwanzo. Bado kilo 500 kwa kasi hiyo zinaua, na ni bahati njema kwamba haikumwangukia mtu.

*Assalamu alaykum Mwalimu. Nimesoma kwamba mwezi unazidi kwenda mbali nasi kila mwaka. Ni nani anayeusukuma, na je, unazidi kwenda mbio? Msomaji, Wete, Pemba.*

Waalaykumu salaam. Uliyoyasoma ni sahihi, na hayakukisiwa. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo huko mwezini mnamo Julai 1969, na tangu hapo miale ya leza imekuwa ikitumwa kule na kurudi. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba mwezi huenda mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Anayeusukuma unamjua kuliko mimi, kwa kuwa maji yake hufika mlangoni kwenu kila bamvua. Mwezi huivuta bahari na kuifanya itutumke upande unaouelekea na upande wa pili. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, ilhali mwezi huchukua siku 27 na ushee kutuzunguka, kwa hiyo dunia huuburuta mtutumko huo mbele kidogo ya mstari unaoelekea mwezini. Maji yaliyotangulia hivyo huuvuta mwezi mbele katika njia yake, na kuvutwa mbele ni kuongezewa nishati. Sasa geuza juu chini hesabu ya setilaiti niliyompa mwanafunzi wa Tabora. Kwa kila kipimo kimoja cha nishati ambacho mwezi unapewa, nishati tuli yake hupanda kwa vipimo viwili na nishati mwendo hupungua kwa kimoja. Unavutwa mbele na matokeo yake ni kwenda polepole zaidi.

Mlipaji ni mzunguko wa dunia wenyewe, ambao kwa sababu hiyo unapungua, na urefu wa siku unaongezeka kwa takriban sehemu 2 za elfu za sekunde katika kila miaka 100. Ila mwezi hupata sehemu ndogo tu ya malipo hayo. Sehemu kubwa hupotea kama joto katika msuguano wa maji yanayojaa na kupwa kwenye bahari na mikondo yote ya dunia, pamoja na hiyo ya Pemba. Ukitaka kujua mwezi wenyewe umepungukiwa na nini, kasi yake ni kama mita 1,020 kwa sekunde, na sentimita 3.8 za mwaka mmoja huipunguza kwa mita 0.00000005 kwa sekunde.